Thelathini na Wanane Waliocheka

Faili la Gaudens Mbano lilifika mezani kwa Kresensia Luhwago saa mbili na robo asubuhi, na sheria ilitaka liwe limefungwa kabla ya saa sita mchana. Kresensia alikuwa mpimaji wa tabia katika Ofisi ya Mizani, Iringa, mwaka wa kumi na moja sasa, na faili la namna hiyo kwa kawaida halikumchukua hata dakika ishirini. Siku hiyo alilitazama mara tatu mfululizo. Kila alipomaliza, mikono yake ilikuwa ya baridi zaidi, na kosa halikuwa la ule ubaridi wa Juni unaowafanya watu wa Iringa wavae makoti mawili mawili.

Video ilikuwa ya mazishi ya mzee Kiyeyeu, kule Kihesa. Watu arobaini wamelizunguka kaburi, kimya, kama mazishi yalivyo siku hizi: dakika arobaini, hakuna kilio, hakuna kugaragara chini, wali unaliwa, watu wanarudi kazini. Mara anatokea mwanamume wa miaka sitini na kitu, amevaa koti la marehemu. Anachechemea vile vile marehemu alivyokuwa akichechemea. Anakohoa kikohozi cha marehemu. Anamfokea padri kwamba mahubiri ni marefu mno na maiti amechoka kusubiri. Kisha, kabla jeneza halijashushwa, anaingia kaburini, analala chali, anakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba hatoki humo mpaka aletewe jogoo, tena jogoo mwenyewe asiwe amekonda kama wafiwa.

Walinzi wa Mizani walimtoa kwa ngazi. Mpaka wanamtia garini alikuwa bado anacheka.

Kila mtu mjini, kuanzia umri wa miaka saba, alivaa kipuli sikioni, kidude cha kijivu kisichozidi punje ya dengu. Kipuli kilisoma mapigo ya moyo, jasho, sauti na mikikimikiki yote ya ubongo, kikapeleka kila kitu kwa Mizani, nayo Mizani ikampanga kila mtu katika safu nne. Uchache: ni wangapi wengine hufanya hivi? Mateso: huzuni, hofu na hasira yake zimepita za wenzake kwa kiasi gani? Kushindwa: anaamka, anafanya kazi, anakula, anatunza wake? Hatari: anaweza kujidhuru au kudhuru watu? Kila safu ilipimwa dhidi ya wastani wa mji mzima. Safu moja ikiwa nyekundu, si neno. Mbili, unapigiwa simu. Tatu, unaitwa, na mpimaji akitia saini unapelekwa kusawazishwa. Mitaani hakuna aliyesema kusawazishwa. Walisema fulani kapigwa pasi.

Safu hizo hazikubuniwa na wendawazimu. Wanasaikolojia wa zamani walizitumia miaka mingi, huku wakijua fika kwamba hakuna hata moja inayotosha. Anayejua lugha kumi na mbili ni haba pia, na haumwi. Aliyefiwa anateseka, na haumwi. Kwa hiyo waliongeza swali la tano: kwao, jambo hili ni desturi? Mizani ilishindwa kulipima swali la tano, maana kila kijiji kilikuja na majibu yake, basi swali likafutwa na maisha yakaendelea.

Kresensia alilijua hilo kuliko wengi. Miaka sita iliyopita aliletewa faili la dada yake wa tumbo moja, Eufemia, ambaye alikuwa na tabia ya kuongea peke yake akipika na kugombana na sufuria. Safu tatu zilikuwa nyekundu. Kresensia alitia saini. Sasa Eufemia aliishi naye, mtulivu, msafi, mwenye adabu, na alisema "ahsante, mdogo wangu" kwa sauti ile ile ukimpa chai au ukimmwagia mkononi kwa bahati mbaya. Kuna siku Kresensia aliogopa kurudi nyumbani kwake mwenyewe.

"Dada Kresi, bado tu?" Hosea Chengula, mpimaji wa chumba cha pili, aliegemea mlangoni na kikombe chake. "Nyekundu tatu hizo. Hata mtoto angesaini."

"Natazama."

"Unatazama nini? Mtu kaingia kaburini!" Akageuka kuangalia korido, kisha akapunguza sauti. "Umeshakataa bila sababu mara mbili mwaka huu. Ya tatu unaijua."

Aliijua. Mpimaji aliyeipinga Mizani bila sababu mara tatu ndani ya mwaka, naye alipimwa siku hiyo hiyo, na wa kumpima angekuwa Hosea. Hosea hajawahi kukataa faili hata moja tangu aajiriwe. Kresensia alimpenda kama ndugu, na wazo la kukaa upande wa pili wa meza yake lilimkausha mate mdomoni.

* * *

Gaudens Mbano alikuwa amekaa katika chumba cha mahojiano na lile koti bado mwilini. Lilimpwaya mabegani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee akasoma kibandiko cha jina kifuani kwake, uso ukamchangamka. "Luhwago! Kumbe nimeletwa kwa mtumwa wangu. Wewe Mhehe wa wapi?"

"Maswali nauliza mimi, mzee wangu."

"Basi wa Kalenga. Wakali hivyo ni wa huko. Babu yangu mimi Mngoni alimteka babu yako vitani, siku ya tatu akamrudisha mwenyewe kwao. Unajua kwa nini? Alikula sana."

Kitu kilimtekenya Kresensia chini ya koo. Alibana midomo na kujigusa kipuli, kama watu wote walivyojigusa bila kujua. Neno lenyewe, utani, alilisikia mara ya mwisho kwa bibi yake, ambaye alikuwa akimtukana muuza vitunguu wa Songea kila Jumamosi na kisha kumpikia ugali.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Nimemzika mtani wangu. Kuna kosa gani?"

"Ulicheka msibani. Ulivaa nguo za marehemu. Uliingia kaburini ukakataa kutoka."

"Sasa ningetokaje na jogoo hajaja?" Mzee alicheka, akamtazama Kresensia, akaona kwamba hacheki, na kicheko kikaishia njiani. "Binti, miaka arobaini mimi na Kiyeyeu hatujasalimiana vizuri hata siku moja. Mke wangu alipofariki sikula siku tatu. Wakaja watu, pole, pole, nikawa siwasikii. Akaja Kiyeyeu amejifunga kanga ya mke wangu, kajaza matambara kifuani, kasimama katikati ya waombolezaji anapiga kelele kwa sauti ya mke wangu, nani kamaliza sukari yangu? Nani? Nikacheka mpaka nikalia, na nilipolia ndipo nikaweza kumeza uji. Ile ni kazi, binti. Ya mtani. Wafiwa hawawezi kuifanya wenyewe."

Kresensia aligeuza kioo cha mezani kumwelekea. "Kipuli chako kinasema huzuni yako kaburini ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote pale. Kubwa kuliko ya binti wa marehemu. Mizani inaona mtu mwenye huzuni kiasi hicho anacheka, inasema kuna kitu kimekatika kichwani."

Mzee Mbano alikitazama kioo. Alipoanza tena, utani wote ulikuwa umemtoka.

"Nikipigwa pasi, nitamkumbuka?"

"Utamkumbuka."

"Lakini?"

Alipaswa kusema maneno yaliyoandikwa kwenye kijitabu. Alishindwa. "Lakini haitakuuma."

"Basi ataliliwa na nani, Kiyeyeu wa watu?" Akajifunika koti kifuani. "Binti, mimi naogopa. Nakwambia kweli. Kufa siogopi, nimeshalala kaburini, mle hakuna kitu. Hilo jingine ndilo naogopa."

* * *

Aliyebonyeza kipuli kuita walinzi alikuwa Fausta, binti wa marehemu. Sheria ilimtaka mlalamikaji ahojiwe pia, na saa nne na nusu alikuwa ameshakaa pale pale alipokaa mzee, msichana wa miaka ishirini na sita, mkaguzi wa mbegu, nguo nyeusi zimepigwa pasi barabara.

"Shikamoo, daktari. Mimi maelezo yangu ni yale yale niliyoandika. Alinitisha."

"Marahaba. Pole na msiba, mdogo wangu."

"Ahsante."

"Alikutisha vipi?"

"Aliingia kwenye kaburi la baba."

"Hilo nimeona. Lakini ulibonyeza kipuli kabla hajaingia. Alikuwa anakohoa tu."

Fausta alitazama mlango. Kresensia alimfahamu mtu anayepiga hesabu ya nini cha kusema, kwa sababu yeye mwenyewe aliipiga kila siku. Akasogeza kiti, akakaa upande ule ule wa meza aliokaa msichana.

"Kilikuwa kikohozi cha baba kabisa," Fausta alinong'ona. "Kile cha asubuhi, anapotafuta viatu. Mwezi mzima hospitalini hakukohoa vile, alikuwa hana nguvu. Nikakisikia pale, na nikacheka, daktari. Nilicheka! Baba yangu yuko kwenye sanduku. Nikasema nimekwisha, kipuli kimenisikia, nitakuwa nyekundu. Nikabonyeza haraka. Si unajua, anayeripoti kwanza haulizwi."

Kila mtu alijua. Hakukuwa na sheria iliyosema hivyo, lakini ndivyo watu walivyoishi, kila mmoja akiwahi kumtaja mwenzake kabla hajatajwa.

Kresensia alirudi kwenye kioo na kufanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu asubuhi. Mizani haikuhesabu chochote kilichodumu chini ya sekunde mbili, ilikiita vumbi. Alifungua vumbi la mazishi ya Kihesa, akatafuta dakika ya kile kikohozi. Majina yakaanza kujipanga. Padri, nukta nane ya sekunde. Kaka wa marehemu, sekunde moja na robo. Wapishi wote wanne. Mwalimu mkuu. Mmoja wa walinzi wa Mizani, aliyekuja kuzika! Mzee Mbano na wawili tu walioziba masikio kwa baridi ndio hawakuwamo. Watu thelathini na wanane walikuwa wamecheka, kisha wakakimeza kicheko kabla hakijafika sekunde ya pili.

Katika orodha ya sababu halali za kumwachia mtu, ya sita ilisema: Tabia si haba. Masharti yalikuwa majina ya watu thelathini walioonyesha dalili ile ile. Alikuwa nayo thelathini na manane. Angeyabandika, Mizani ingefuta nyekundu ya Uchache, zingebaki mbili, mzee angerudi nyumbani kwa miguu yake, na kukataa huku kusingehesabika kuwa kukataa bila sababu. Yeye salama, mzee salama, na kazi imefanywa kwa mujibu wa kijitabu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Unaandika nini?" Fausta alikuwa amesimama nyuma yake. Aliliona jina lake, la kumi na nne. "Daktari, usiniandike. Nakuomba, dada yangu."

"Mkiwa wengi hivi..."

"Mkiwa wengi wataacha?" Msichana alikuwa akilia bila sauti, kama walivyojifunza wote. "Umewahi kuona wameacha?"

Hakuwahi. Aliwaza mwaka wa wale wanafunzi wa sekondari waliozimia darasani pamoja, ishirini na watatu. Mpimaji mmoja aliwaandika wote akidhani wingi wao ungewaokoa. Mizani iliwafutia Uchache na papo hapo ikaona mateso mengi mahali pamoja, ikayaita uambukizo, na wote ishirini na watatu wakapigwa pasi. Sasa hivi walikuwa watu wazima wenye adabu nzuri sana.

Au isingekuwa hivyo. Huenda Mizani ingewaachia thelathini na wanane, ikajifunza kwamba msibani watu hucheka, na mwakani watu wakacheka kwa uhuru. Hilo nalo liliwezekana. Kresensia alikaa na mawili hayo kichwani, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Apigwe pasi mmoja, kwa hakika. Au thelathini na wanane, labda. Au yeye.

"Nenda nyumbani," alimwambia Fausta. "Maelezo yako ni yale yale uliyoandika."

Msichana alipotoka, Kresensia alifunga vumbi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Alimfikiria Eufemia, na sufuria zilizokaa jikoni miaka sita bila kugombezwa na mtu, na alitamani sana kuwa mwoga wa kutosha kutia saini. Mwoga alikuwa. Alikosea kitufe mara ya kwanza. Mara ya pili alikipata: Kataa bila sababu.

Faili likafungwa, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeruhusiwa kulifungua tena. Chini kwenye lango, dakika chache baadaye, alimwona mzee Mbano akitoka nje na koti lake, akisimama juani, akigeuka kulia, akigeuka kushoto, kama mtu aliyesahau kwake ni wapi. Kisha akaenda zake. Upande wa pili wa ukuta, kioo cha Hosea kililia mlio wa faili jipya.

* * *

Hosea alichukua muda kuja. Alipoingia hakuwa na kikombe.

"Kaa hapa," alisema, akionyesha kiti cha wageni.

Kresensia alikaa. Miguu ilimlegea kiasi kwamba alishukuru kupata kiti.

"Jina lako kamili?"

"Hosea..."

"Jina lako kamili, tafadhali."

Alilitaja. Alitaja umri, kazi, mtaa, jina la dada anayeishi naye. Alijibu anaamka saa ngapi, anakula mara ngapi. Aliulizwa kama amewahi kufikiria kujidhuru, akasema hapana. Sauti yake ilimfikia kama ya mtu mwingine aliye chumba cha tatu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio hata ukosi wa gauni ulitikisika, na katika miaka yake arobaini na minne, ukiacha usiku wa kumsaini Eufemia, hajawahi kuogopa hivi. Alijua Mizani inaona yote. Safu ya Mateso ingewaka kama jiko la mkaa. Uchache ulikuwa mwekundu tayari, hakuna mpimaji mwingine aliyefika mara tatu. Hatari ingewekwa nyekundu kwa mtu aliyewaachia watatu. Tatu, basi. Aliziona hesabu zote na hakuona pa kutokea.

Hosea aligeuza kioo ili wote wawili waone, kama kijitabu kilivyoagiza. Safu zilipanda taratibu.

Uchache: nyekundu.

Kushindwa: kijani.

Hatari: nyekundu.

Mateso ilichelewa. Mstari ulipanda, ukapanda, ukasimama. Rangi ikajaa kutoka chini. Kijani. Pembeni, kwa herufi ndogo, Mizani iliandika: Hofu, kiwango cha kawaida.

"Mbili," Hosea alisema. Alipumua kwa nguvu, akajifuta uso kwa kiganja. "Ni mbili tu, dada. Utapigiwa simu, basi. Umepona!"

Kresensia alisoma lile neno tena. Kidole chake kiligusa kioo, kikafungua wastani wa mji, mstari wa hofu wa watu laki nne kwa miaka kumi na moja. Ulianza chini kabisa, karibu na sifuri, mwaka vipuli vilipogawiwa. Ulipanda mwaka hadi mwaka bila kushuka hata mwezi mmoja, na leo ulipita pale pale uliposimama moyo wake. Huu mtetemeko wa miguu, haya mate yaliyokauka, hiki alichodhani ni kilele cha hofu ya mtu: wauza mboga wa sokoni walikuwa nacho. Mapadri walikuwa nacho. Watoto wa miaka saba walipewa kipuli wakaenda nacho shule. Na Mizani, kwa kuwa wote walikuwa nacho, ilisema si ugonjwa.

"Hosea," alisema. "Wewe unaogopa kiasi gani?"

Hosea Chengula, ambaye hakuwahi kukataa faili hata moja, alitazama mlango. Alinyanyuka, akaufunga, akarudi kuketi. Kisha akaziba kipuli chake kwa kidole gumba, akainamisha kichwa karibu na chake, akaanza kumweleza.